Pistoni ya tatu

Baba alipofariki mwaka 2017, trekta lake lilibaki pale pale alipoliegesha, chini ya mgunga nyuma ya ghala, uso wake ukitazama barabara ya Dodoma. Massey Ferguson 135. Alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1988, likiwa tayari limechoka, na kwa karibu miaka 30 likalima mashamba yetu ya Ismani, mkoani Iringa, na ya nusu ya kijiji. Sisi watoto tulisomeshwa na lile trekta, hatufichi. Kwa hiyo msiba ulipokwisha hakuna aliyethubutu kutamka neno chuma chakavu, na hakuna pia aliyekumbuka kuliwasha. Kila mmoja alirudi alikotoka. Mimi nilirudi Dar es Salaam, kuuza vipuri vya pikipiki, kazi inayomfanya mtu ajione fundi bila kuwa fundi.

Nilirudi nyumbani Novemba 2021, nikiwa na betri mpya begani na maneno mengi mdomoni. Nilifunga betri, nikamwaga dizeli ya zamani, nikajaza nyingine, nikapanda kitini mbele ya mama, wapwa zangu na majirani wawili. Nikazungusha ufunguo. Stata ikasema "ta!", taa zikafifia, kimya. Mara ya pili, "ta!" ile ile. Jirani mmoja akasema betri ni ya mchina. Betri ilikuwa nzima. Injini ilikuwa imesizi, yaani imeganda ndani, haizunguki.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimekwisha kulilipia. Jirani alikuwa na trekta kubwa kuliko letu, mnyororo tulikuwa nao, na kila mtu aliyekuwepo alikuwa na ushahidi wa gari fulani lililowahi kuwaka kwa kuvutwa. Tukaanza na gia ya chini. Nikaachia klachi, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, yakaburutwa yakichimba mifereji miwili ardhini. Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi, akauliza kama tunalima au tunazika. Tukabadili, tukaweka gia ya juu. Safari hii magurudumu yalizunguka, nikapiga kelele ya ushindi, halafu ikanijia harufu. Aliyewahi kuunguza klachi anaijua harufu hiyo. Injini haikuwa imezunguka hata robo. Ni klachi iliyokuwa inateleza na kujila.

Siku tatu baadaye alikuja fundi. Mzee mmoja wa pale Iringa mjini, alistaafu katika karakana ya matrekta ya mashamba makubwa, akaja kwa bodaboda amepakata sanduku la mbao kama mtoto mchanga. Waliamkiana na mama kwa Kihehe, wakaulizana habari za watu ambao mimi siwajui, akanywa chai mpaka ikaisha. Ndipo akaliendea trekta. Hakuitazama injini. Alitazama chini.

"Mlilivuta?"

"Kidogo tu, mzee."

"Hakuna kuvuta kidogo."

Akanieleza huku anafungua sanduku. Injini iliyosizi haijagoma yote. Mara nyingi ni pistoni moja, imeshikana na kutu kwenye ukuta wa silinda. Ukiivuta kwa trekta jingine, uzito wa tani nzima unaushukia mkono wa pistoni hiyo moja, ule wanaouita konrodi, na mkono ukipinda hata kwa unene wa ukucha injini hiyo umeiua. Au pistoni inavunjika sketi, yaani upindo wake wa chini. Au ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zinapasuka na kuchana slivu, bomba la chuma lililovikwa ndani ya silinda. Alikuwa amewahi kuona yote hayo. Mimi niliponea klachi, akasema, kwa sababu tairi zilikuwa kipara na udongo ulikuwa mkavu.

Alianza na mambo ambayo ningeyaruka. Aliweka gia huru akasukuma trekta kidogo, kuhakikisha si giaboksi iliyoshika. Akafungua stata akaitoa kabisa, maana wakati mwingine jino la stata hung'ang'ania kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na watu hushusha injini nzima kwa ajili ya jino hilo. Halafu akatia spana kwenye nati ya puliya ya mbele, akajaribu kuzungusha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, mbele, akajaribu nyuma, kwa urefu wa mkono wake tu. Nilimletea bomba la kurefusha spana. Akalitupa majanini.

Ndipo akainua macho kwenye bomba la moshi. Kwenye 135 yetu bomba hilo limesimama wima kando ya boneti, mdomo wazi kuelekea mbinguni.

"Kopo liko wapi?"

Baba alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Kila jioni akizima trekta alilivisha bomba hilo kopo, kama mtu anavyomvisha mtoto kofia. Nililikumbuka vizuri. Halikuwepo.

Kuna jambo kuhusu injini hii ambalo sikulijua na ambalo lilinifungua macho kuliko kazi yenyewe. Ni Perkins, iliyobuniwa Peterborough, Uingereza, na jina lake ni AD3.152: ile 3 ni silinda, ile 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 2.5. Silinda tatu zinapokezana kuwaka kila krenki ikizunguka nyuzi 240. Na valvu ya moshi ya kila silinda hukaa wazi kwa muda unaokaribia huo huo au kuuzidi. Maana yake, popote injini itakapozimikia, karibu kila mara kuna silinda moja ambayo mlango wake wa moshi uko wazi. Mvua ikiingia kwenye bomba haigongi hodi. Inashuka, inapita manifodi, ile njia ya moshi kutoka kwenye silinda, inaingia kwenye silinda hiyo moja, inakaa juu ya pistoni. Ismani haina mvua nyingi, kuanzia Desemba hadi Aprili tu, lakini misimu minne ilitosha.

Tulitundika turubai kwenye matawi ya mgunga tukafungua hedi, kifuniko cha juu cha injini. Fundi alichukua katoni ya sabuni, akaitoboa matundu, kila fimbo ya valvu ikachomekwa kwenye tundu lake kwa mpangilio ule ule ilivyotoka. Hedi ilipoinuka, yote aliyoyasema yalikuwa mezani. Silinda ya kwanza: pistoni karibu na juu, ukuta unang'aa, ungeweza kujitazama. Valvu zake zote mbili zilikuwa zimefunga. Ya pili: pistoni iko chini, ukuta una vumbi la kahawia kama chai iliyomwagika ikakauka, valvu yake ya hewa ilikuwa wazi, ikapumua unyevu. Ya tatu: pistoni imesimama katikati ya safari yake, na juu yake tope jekundu, kutu imepanda ukutani kwa mistari, mstari kwa kila mvua. Pembeni mwa pistoni kulikuwa na unga mweupe. Huo si kutu ya chuma, ni aluminiamu ya pistoni yenyewe ikioza. Vitu hivyo viwili vikikutana kwenye nafasi isiyotosha kupitisha unywele, vinavimba na kubana kuliko saruji.

Nilitaka nyundo. Fundi akaniambia nichukue kitambaa.

Kazi ya kwanza, na hii ndiyo ambayo wengi hukosea, ni ukuta ulio juu ya pistoni. Kabla ya kufikiria kuisogeza pistoni, safisha njia itakayopita. Tulikausha tope, tukasugua kutu kwa msasa laini uliolowa dizeli, kwa kuzungusha, si juu chini, mpaka chuma kikaonekana. Pistoni ikipandishwa kwenye kutu inabanwa upya, na ringi zinavunjika.

Kisha dawa. Kila mtu kijijini alikuwa na dawa yake. Mmoja alileta soda ya kola. Fundi akasema kweli ina asidi na inakula kutu, lakini haijui kutofautisha kutu na chuma, na ukiiacha ndani bila kuiosha unapanda kutu nyingine. Mwingine akaleta mafuta ya breki. Hayo aliyakubali, akayaweka pembeni kama akiba. Yeye alichanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, ile asetoni ya kufutia rangi ya kucha, nikaifuata mjini kwenye duka la vipodozi nikaona haya. Asetoni ni nyepesi, inapenya mahali mafuta hayapiti, na inayabeba mafuta mgongoni. Ila inaruka hewani haraka na inashika moto kwa wivu, kwa hiyo tuliifunika kila silinda kwa sahani ya bati na jiko la mama likahamishwa upande wa pili wa nyumba.

Tulimimina kimo cha vidole viwili juu ya pistoni ya tatu, kidogo juu ya nyingine mbili. Na tukasubiri siku 11.

Nimeandika "tukasubiri" kana kwamba ni kitu chepesi. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia, wenzetu wanalima, mimi nina trekta lililofumuliwa chini ya turubai na mzee anayekuja kila baada ya siku mbili, anachungulia, anagonga mara tano, anakunywa chai, anaondoka. Siku ya nne nilimwambia nimesikia kuna mbinu ya grisi: unarudisha hedi, unafunga valvu, unasukuma grisi kwa bomba lake kupitia tundu la nozeli ya dizeli. Akacheka, akasema mbinu ni ya kweli, akachukua kijiti tukapiga hesabu chini. Tundu la silinda lina kipenyo cha milimita 91.4, uso wa pistoni ni kama sentimita za mraba 65. Bomba la grisi la mkono likitoa kilo 100 tu kwa kila sentimita ya mraba, pistoni inasukumwa kwa tani 6 na nusu. "Na tani hizo zikifika hujui zinaishia wapi," akasema. Angeitumia siku ya mwisho kabisa, kwa injini ambayo mwenyewe amekwisha kuikatia tamaa.

Habari njema ya kwanza ilikuwa ndogo mno, peke yangu nisingeiona. Siku tano za mwanzo dawa kwenye silinda ya tatu haikushuka isipokuwa ile ya kuruka hewani. Siku ya sita ilishuka usiku kucha, ikabaki unyevu tu. Fundi alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Dawa imeshaanza kupita kwenye ringi, inaingia kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Tukajaza tena.

Siku hiyo tulianza na maji moto. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, ule mwili wa injini, kwa hiyo ukichoma pistoni unaibana zaidi. Ndiyo maana alikataa nilipopendekeza tochi ya gesi. Unachotaka ni bloku ipate joto kabla ya pistoni. Mama alichemsha maji, nikayamimina kwa birika yenye mdomo mrefu kwenye matundu ya maji yaliyo juu ya bloku, taratibu, tone lisiingie kwenye silinda, mpaka bloku ikajaa. Kwa dakika chache slivu imetanuka na pistoni bado ya baridi. Hapo hapo fundi anagonga, halafu anaacha, anafungua koki ya bloku, maji yanatoka, chuma kinapoa, dawa inanyonywa ndani. Kesho tena.

Kugonga nako kuna adabu yake. Pistoni ya Perkins hii ina shimo katikati ya kichwa, ambamo dizeli inawakia, kwa hiyo huwezi kugonga katikati kwa kitu chembamba. Tulihitaji gogo la mti mgumu, la mviringo, linaloingia kwenye silinda bila kugusa kuta na kukanyaga pistoni yote. Nilitumwa ghalani kulitafuta, na ndipo nilipoliona kopo.

Lilikuwa nyuma ya magunia, limekatwa dirisha mbele, limetobolewa ubavuni, limechomekwa ekseli ya waya na magurudumu manne ya kandambili. Lori. Kwenye kitako chake bado kulikuwa na duara jeusi la masizi, saizi ya bomba la moshi. Mpwa wangu aliyekuwa akitushikia tochi kila jioni alikuwa na miaka tisa baba alipofariki. Nilisimama nalo muda, nikalirudisha nyuma ya magunia, nikatoka na kipande cha mchi wa zamani. Fundi aliukata saizi tuliyotaka.

Siku ya 11, baada ya birika ya tatu, sauti ilibadilika. Siku zote mchi ulikuwa ukilia "ngo", sauti kavu, kama unagonga mwamba, na mkono unaumia. Safari hii ukasema "pu". Fundi akasimamisha nyundo hewani. Tulikuwa tumechora mstari wa chaki kwenye jino moja la flaiwili, unaoonekana kwenye tundu la stata. Mpwa akamulika. Mstari ulikuwa umesogea, hata upana wa ukucha haufiki.

Nikashika nyundo ili nimalize. Akaninyang'anya.

Pistoni ilikuwa imeshuka, maana yake krenki imerudi nyuma. Sasa, akasema, tunairudisha ilikotoka. Kwa nondo bapa kwenye meno ya flaiwili nilisukuma mbele, ikarudi. Akagonga, ikashuka, safari hii kidogo zaidi. Nikarudisha. Dawa kidogo. Mchana wote ulikwenda hivyo, mbele nyuma, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua bila kuuvunja. Kila mzunguko mdogo ulitoa uji wa kahawia pembeni mwa pistoni na tukaufuta kwa kitambaa. Saa kumi na moja jioni krenki ilizunguka duara zima. Hatukusikia mlio wowote wa kuvunjika. Mama alipiga kigelegele kimoja akarudi jikoni.

Watu wengi wangerudisha hedi pale pale na kuwasha. Nilikuwa mmoja wao. Lakini pistoni kuwa huru si kupona. Tulifungua mbele ya trekta, maana kwenye 135 sampu ni chuma kizito na ekseli ya mbele inategemea sehemu hiyo, hivyo injini ilibidi ikae juu ya jeki na magogo, tukatoa pistoni zote tatu kwa juu. Konrodi ya tatu ilipimwa: imenyooka, namshukuru Mungu na tairi zangu kipara. Ringi za pistoni hiyo zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake, mbili zikavunjika wakati wa kuzitoa. Fundi akachukua kipande cha ringi iliyovunjika, akaking'arisha ncha, akakitumia kukwangua masizi ndani ya mifereji. Hakuna kifaa kinachoingia vizuri zaidi. Kwenye slivu ya tatu alinishika kidole akakipitisha ukutani. Kucha ikakwama kwenye vishimo. Kucha ikikwama, akasema, oili itapita. Slivu hiyo na pistoni yake zikabadilishwa, nyingine mbili zikapata ringi mpya tu. Oili ya zamani ilitoka kama maziwa ya chokoleti, maji na dawa na kutu.

Msimu ule tulilimiwa na trekta la kukodi, lile lile la jirani mwenye mnyororo.

Februari 2022 tulitoa upepo kwenye mfumo wa dizeli, tukaizungusha injini kwanza bila dizeli mpaka oili ikapanda, halafu fundi akamwita mama azungushe ufunguo. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe uliofunika mgunga wote, ikakohoa tena, ikashika. Iligonga kidogo, ikatulia. Fundi aliweka kiganja juu ya hedi akakiacha hapo mpaka joto likamshinda.

Mpwa alikuwa amekwisha kuleta kopo jipya. Sikumwomba.

Tangu hapo linalima. Linakula oili kidogo kuliko nilivyotegemea, na asubuhi za baridi linataka kubembelezwa. Kinachonisumbua ni klachi. Kwenye kilima cha kuelekea mtoni, jembe likiwa limezama, inateleza, na ile harufu inanirudia. Ili kuibadilisha lazima trekta likatwe katikati, injini upande huu, giaboksi upande ule. Fundi amesema atakuja mavuno yakiisha, na ameniagiza nimwandalie magogo manne na mnyororo. Aliposema mnyororo alinitazama kwanza.